Chaji ya Haraka na Uhai wa Betri: Namna ya Kuchaji Simu Bila Kuichosha

"Usiichaji kwa hiyo chaja ya haraka, utaiua betri." Maneno haya nimeambiwa mara nyingi, na kwa miaka kadhaa na mimi niliwaambia wengine bila kujiuliza niliyatoa wapi. Niliponunua simu iliyokuja na chaja ya wati 33 ndani ya boksi, chaja hiyo niliifungia kwenye droo. Nikawa natumia kichaja kidogo cha simu yangu ya zamani, cha wati 5, kilichochukua karibu saa tano kuijaza. Kila usiku nachomeka, simu naisukumia chini ya mto ikiwa ndani ya kava nene la mpira, nalala. Mwaka wa pili haujaisha, betri ikawa haikai na chaji. Inaonyesha asilimia 35, nikipiga simu ya video inazima. Fundi aliyeifungua alinionyesha betri imetuna katikati kama kigodoro, akaniuliza huwa naichaji vipi. Nikamjibu kwa fahari kwamba chaja ya haraka sijawahi kuigusa. Akacheka.

Nilikuwa nimehesabu wati nikasahau joto. Mwongozo huu unafuata hatua ambazo ningependa mtu angenipa siku ile nilipofungua boksi. Lakini kabla ya hatua, tuangalie kwanza betri yenyewe inazeeka vipi, maana usipolijua hilo kila ushauri utauona kama ushirikina tu.

Ndani ya betri

Betri ya simu ni ya lithiamu-ayoni. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za aina hii mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozaa teknolojia hiyo. Ndani yake kuna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba na kulowa kimiminika kinachoitwa elektroliti. Tabaka moja ni la grafiti, kitu kilekile kinachoandika kwenye penseli. La pili ni la oksidi ya metali yenye lithiamu. Ukichaji, ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zinatoka kwenye oksidi na kwenda kujichomeka katikati ya matabaka ya grafiti, kama karatasi zinazochomekwa kati ya kurasa za kitabu. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo kazi yote ya betri.

Uzee unaingia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Juu ya grafiti kuna ngozi nyembamba inayotokana na elektroliti kuvunjikavunjika. Ngozi hiyo inahitajika, bila yake betri isingefanya kazi, lakini kila siku inanenepa kidogo, na kila inaponenepa inameza lithiamu ambayo haitasafiri tena. Joto linaharakisha unene huo. Betri kukaa ikiwa imejaa pia kunauharakisha. Na jambo hili linaendelea hata simu ikiwa imezimwa na kuwekwa kabatini.

Njia ya pili ni ya ghafla zaidi. Ayoni zikifika kwa wingi kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, nyingine zinakosa pa kuingia na kuganda juu yake zikiwa metali tupu. Lithiamu iliyoganda hivyo, sehemu yake hairudi kazini. Hali hii inatokea zaidi wakati wa baridi kali, au betri iliyokaribia kujaa inapolazimishwa kupokea umeme mwingi. Hapa ndipo chaji ya haraka ingeweza kuua betri moja kwa moja. Nasema ingeweza, kwa sababu simu yenyewe imewekewa mlinzi.

Chaja haisukumi, simu ndiyo inayovuta

Kile kidude tunachochomeka ukutani, kwa haki, si chaja. Ni adapta ya kupunguza umeme tu. Chaja halisi ni saketi iliyo ndani ya simu, nayo ndiyo inayoamua iingize kiasi gani. Unapochomeka waya, simu na adapta "zinaongea" kwa sekunde chache. Adapta inayofuata USB PD, mfumo wa chaji unaotumiwa na kampuni nyingi, inataja ilichonacho, kwa mfano volti 5, 9, 15 na 20, na simu inachagua. Simu inayopokea wati 18 ukiichomeka kwenye adapta ya kompyuta ya wati 100 itachukua 18 zake na kuacha zilizobaki. Kwa hiyo hofu ya "adapta kubwa itaunguza simu ndogo" unaweza kuiweka chini, mradi adapta iwe ya kweli na si ya kuigiza.

Saketi hiyo ndiyo yule mlinzi niliyemtaja, na anapanga kazi kwa awamu mbili. Mwanzoni anaruhusu umeme mwingi uingie mfululizo mpaka volti ya betri, yaani msukumo wa umeme wake, ifike kwenye kikomo chake, ambacho kwa betri za zamani kilikuwa 4.2 na kwa nyingi za sasa kiko karibu na 4.4 au juu kidogo. Baada ya hapo volti inashikiliwa palepale na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, zinaanza kushuka. Ni kama kujaza gunia: mwanzo unamimina ndoo nzimanzima, mwisho unashindilia kwa kiganja. Ndiyo sababu simu inakimbia kutoka 10 hadi 60 ukiwa bado unaoga, halafu kutoka 90 hadi 100 inatambaa mpaka unachoka kuitazama. Zile wati 67 au 120 zilizoandikwa kwenye boksi zinafikiwa kwa dakika chache za mwanzo tu.

Mlinzi pia ana kipimajoto kando ya betri. Joto likipanda, anapunguza umeme. Likizidi, anakata kabisa na kukuonyesha onyo kwenye skrini.

Basi chaji ya haraka ina madhara au haina? Inayo, lakini mengi yanapitia kwenye joto. Umeme unapopita kwenye kitu chenye ukinzani, yaani kinachouzuia kupita kwa urahisi, joto linaongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Watengenezaji wanalijua hilo, na mbinu zao nyingi ni za kulikwepa. Wengine wanagawa betri kuwa seli mbili zilizofuatana ili ampea zinazopita kwenye waya zipungue nusu. OPPO, ilipoanzisha mfumo wake wa VOOC mwaka 2014, ilihamishia kazi ya kubadili volti kwenye adapta badala ya ndani ya simu. Ukiona adapta inachemka wakati simu ni ya uvuguvugu tu, usiilalamikie haraka. Huenda imebeba joto ambalo lingekuwa mgongoni mwa simu yako.

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Soma adapta na ujue simu yako inapokea nini

Chukua adapta, igeuze, utafute maandishi madogo yanayoanza na OUTPUT. Mwanga ukiwa hafifu, yapige picha kwa simu kisha uikuze. Utaona kitu kama 5V 3A na 9V 2.22A. Zidisha volti kwa ampea: 5 mara 3 ni wati 15, 9 mara 2.22 ni karibu wati 20. Hiyo ni adapta ya wati 20. Ikiandika 5V 1A peke yake, ni ya wati 5, kama yangu ya zamani.

Kisha angalia maelezo ya simu uone kiwango chake cha juu. Kama adapta ni ndogo kuliko simu, utachaji taratibu, hakuna kinachoharibika. Kama ni kubwa, simu itachukua inachotaka. Kinachowachanganya watu ni mifumo kutofautiana. Kampuni nyingi zenye chaji za wati nyingi sana zinatoa kasi hiyo kwa adapta na waya wao tu. Kwa adapta ya kampuni nyingine simu inashuka hadi kiwango cha kawaida. Simu za Samsung zinazochaji kwa wati 25 au 45 zinataka adapta yenye PPS, yaani inayoweza kupandisha na kushusha volti kwa hatua ndogondogo. Adapta ya aina hiyo ni nzuri pia kwa joto, kwa sababu simu inaagiza volti inayoihitaji hasa na haibaki na kazi kubwa ya kuipunguza.

Waya nao una kikomo. Waya wa USB-C wa kupitisha zaidi ya ampea 3 unatakiwa uwe na chipu ndani ya kichwa chake inayoijulisha simu na adapta kwamba waya unaweza kuubeba umeme huo. Kama una adapta kubwa na simu inayoweza lakini chaji inatambaa, badilisha waya kwanza kabla hujalaumu kingine chochote.

Hatua ya 2: Pambana na joto, si na wati

Ukikumbuka hatua moja tu, iwe hii.

Seli nyingi za lithiamu zimeundwa kuchajiwa kati ya nyuzijoto 0 na 45. Apple inashauri simu zake zitumiwe mahali penye nyuzijoto kati ya 0 na 35, na inaonya kwamba joto la zaidi ya hapo linaweza kupunguza uwezo wa betri kwa kudumu. Mimi nina mipaka yangu miwili: betri ikipita 40 natafuta sababu, ikigusa 45 nachomoa.

Utalijuaje joto la betri? Programu kama AccuBattery inalionyesha kwenye Android. Huna programu, tumia kiganja. Mgongo wa simu ukiwa na uvuguvugu, hilo ni jambo la kawaida katika dakika ishirini za mwanzo za chaji ya haraka. Ukilazimika kuihamisha simu mkono huu hadi ule kwa sababu inachoma, imepita kiasi.

Fanya jaribio hili mara moja tu, litakufundisha zaidi ya maneno yangu. Siku ya kwanza chaji simu kutoka 20 hadi 70 kwa chaja ya haraka ukiwa umeivalisha kava, umeilaza kitandani na unacheza gemu au unatazama video juu yake. Andika joto la juu kabisa uliloliona. Siku ya pili rudia kwa chaja ileile, kutoka 20 hadi 70, lakini vua kava, iweke simu kwenye sakafu au meza ngumu, uso juu, na uiache. Linganisha namba. Chaja haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ya joto kutoka nje, na idadi ya vitu vinavyolizalisha.

Kwa sababu simu inayochaji huku ikicheza gemu ina majiko mawili: betri inayojaa na prosesa inayofanya kazi, vyote nyuma ya kioo kimoja. Simu ya video kwa data ya simu, kushiriki intaneti na vifaa vingine, au ramani iliyowashwa kwenye gari juani ni mambo ya kundi hilohilo. Simu iliyobanwa mbele ya kioo cha gari, inapigwa jua, inaonyesha njia, na imechomekwa chaja ya gari, inapata mateso ambayo adapta ya wati 120 juu ya meza ya mbao haiwezi kuyafikia.

Usiipoze simu kwenye friji. Hewa yenye unyevu inageuka matone ndani yake, na utakuwa umetoka kwenye tatizo la miaka miwili na kuingia kwenye tatizo la leo jioni. Chomoa, vua kava, iweke kwenye kivuli mbele ya feni, basi.

Kwa wanaoishi kwenye baridi ya chini ya sifuri: simu ikitoka nje imeganda, iache ipate joto la chumba kwanza ndipo uichomeke. Ile hatari ya lithiamu kuganda juu ya grafiti ndiyo inayokungoja pale.

Hatua ya 3: Weka kikomo cha asilimia 80 ukiweza kuishi nacho

Battery University, tovuti ya elimu ya betri, wana jedwali linalonukuliwa sana kuhusu betri za lithiamu-ayoni zilizohifadhiwa tu mwaka mzima, bila kutumika. Iliyokaa kwenye nyuzijoto 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 ilibaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Iliyokaa kwenye joto hilohilo ikiwa imejaa ilibaki na 80. Kwenye nyuzijoto 40, ya chaji ya 40 ilibaki na 85, na iliyojaa ikabaki na 65.

Isome tena ile ya mwisho. Zaidi ya theluthi ya uwezo imepotea ndani ya mwaka, na betri hiyo haikuwa inachajiwa wala kutumiwa. Imekaa tu: imejaa, na kuna joto. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiendelea chini ya mto wangu kila usiku, na chaja ya wati 33 iko kwenye droo haijui lolote.

Kwa hiyo ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Betri, utafute kikomo cha chaji. iPhone kuanzia toleo la 15 zina kikomo cha asilimia 80, na tangu iOS 18 unaweza kuchagua kati ya 80 na 100 kwa hatua za tano tano. Samsung wanaiita ulinzi wa betri. Zamani ilisimama kwenye 85, sasa kwenye nyingi ni 80. Pixel za Google nazo zinayo. Simu nyingi ambazo hazina kikomo zina ule utaratibu wa kujifunza ratiba yako: inafika 80, inasubiri, kisha inamalizia karibu na saa unayoamka. iPhone imekuwa na utaratibu huo tangu iOS 13 ya mwaka 2019.

Sasa maoni yangu, na najua wapo watakaoyapinga. Kama ukiweka 80 simu inakuzimikia kabla ya jioni, ondoa kikomo, jaza hadi 100, usijisikie vibaya. Mtu anayesafiri, anayefanya kazi ya kuzunguka, au anayetegemea simu kupokea malipo hana sababu ya kukaa na simu iliyozimika mfukoni ili betri iwe na afya nzuri miaka mitatu ijayo. Kujaza hadi 100 saa moja kabla ya kutoka, kisha ukaanza kuitumia, hakuna uzito. Tatizo ni kukaa 100 kwa saa nyingi.

Hatua ya 4: Tumia chaji ya haraka mchana, chaji ya taratibu usiku

Hapa ndipo chaji ya haraka inaponoga, na pia ndipo inapokosewa.

Chukua mtu anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Simu yake ina asilimia 20. Akichomeka chaja ya haraka, saa tano na nusu simu imeshajaa. Itakaa 100 kwa saa sita na nusu zinazobaki, na kila ikishuka kidogo inajazwa tena. Akichomeka adapta ndogo ya wati 5, simu inajaa ikiwa imeshapita saa nane usiku, kwa hiyo muda wa kukaa imejaa umepungua karibu nusu, na wakati wa kujaza joto lake lilikuwa dogo. Unaona? Kosa la chaja ya haraka usiku si kasi. Ni kwamba inawahi kumaliza halafu inabaki haina la kufanya.

Usiku tumia adapta ndogo, au chomeka kwenye kompyuta, au zima chaji ya haraka kwenye mipangilio kama simu yako inaruhusu, au washa kikomo cha Hatua ya 3, ambacho peke yake kinatosha. Na simu iwe mezani. Chini ya mto hapafai kwa chaja yoyote, hata ya wati 5. Mimi ni shahidi.

Mchana, kinyume chake. Badala ya kungoja simu ife ndipo uijaze mpaka pomoni, ipe dakika kumi na tano wakati unaoga au unavaa, dakika ishirini wakati uko kwenye kikao. Kati ya 20 na 70 ndipo betri inapopokea umeme mwingi kwa raha, na ndipo chaja ya haraka ilipotengenezewa kazi. Kuchaji vipandevipande hakuharibu betri. Mzunguko mmoja wa chaji unahesabiwa kwa jumla ya asilimia ulizotumia: ukitumia 50 leo, ukachaji, kesho ukatumia 50, huo ni mzunguko mmoja, si miwili. Lile wazo la kwamba lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchaji lilitoka kwa betri za nikeli-kadimiamu za zamani, na halihusu simu uliyoshika.

Kuhusu mizunguko yenyewe: Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 katika mazingira mazuri, na za iPhone 15 kuendelea baada ya 1000. Umoja wa Ulaya, kuanzia 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa huko zifikishe mizunguko 800 zikiwa bado na asilimia 80. Angalia kwamba miaka hiyohiyo ambayo wati zimekuwa zikipanda, ahadi za mizunguko nazo zimepanda.

Hatua ya 5: Safisha tundu la chaji

Watu wananunua waya wa tatu, wa nne, kumbe tatizo ni vumbi la mfukoni. Dalili zake: waya hauingii mpaka mwisho, unacheza, chaji inakatika ukiigusa simu, au chaji ya haraka inakataa na ile ya kawaida inakubali.

Zima simu. Chomoa kila kitu. Chukua tochi na kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini wala sindano. Ndani ya tundu la USB-C kuna kiulimi katikati chenye miguso ya chuma. Hicho usikiguse. Pitisha kijiti kwenye ukuta wa ndani, chini kabisa, kisha vuta kuelekea nje polepole. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilitoa pamba ya kijivu iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama kipande cha kitambaa, yenye umbo la tundu lenyewe. Waya uliokuwa unalegea ukaingia kwa mlio wa "tik" ambao nilikuwa nimeusahau. Mguso mbovu una ukinzani, na ukinzani unazaa joto palepale kwenye tundu, kwa hiyo usafi huu haukuongezei kasi tu. Ukiona plastiki ya kichwa cha waya imegeuka rangi au inanuka kuungua, usihangaike kuusafisha, utupe.

Maji yakiingia kwenye tundu, usichaji kwa waya mpaka pakauke kabisa. Ikung'ute simu tundu likiangalia chini, uiache penye hewa.

Chaji isiyo na waya

Nayo inaelezwa kuwa ya upole kwa betri kwa sababu wati zake ni chache. Wati ni chache, sawa, ila sehemu kubwa zaidi ya umeme inapotea njiani kuwa joto, na joto hilo linatokea kwenye koili iliyo mgongoni mwa simu, jirani na betri. Simu ikikaa upande kidogo juu ya kile kibao, hali inakuwa mbaya zaidi. Itumie kama unaipenda, iweke simu katikati sawasawa, na usiifanye ndiyo njia yako ya kila usiku.

Hatua ya 6: Pima afya ya betri kabla ya kulaumu chaja

Kwenye iPhone, afya ya betri iko ndani ya Mipangilio, sehemu ya Betri. Kwenye iPhone 15 na za baadaye utaona hata idadi ya mizunguko. Simu kadhaa za Android sasa zinaonyesha hivyo pia. Kama yako haionyeshi, piga hesabu mwenyewe kwa msaada wa programu inayohesabu umeme unaoingia. Tuseme betri iliandikwa 5000 mAh, kipimo cha umeme inaoweza kubeba, ikiwa mpya. Umechaji kutoka 30 hadi 80, yaani asilimia 50, na programu inasema zimeingia 2100 mAh. Zidisha mara mbili: uwezo wa sasa ni 4200, sawa na asilimia 84 ya ule wa mwanzo. Usiiamini namba ya siku moja. Rudia mara nne au tano kisha uchukue wastani.

Ikishuka chini ya 80 na simu inazimika ghafla ikiwa bado na chaji, betri imechoka. Ukinzani wake wa ndani umepanda, ukidai umeme mwingi kwa mkupuo volti inaanguka na simu inajizima. Ndivyo yangu ilivyokuwa ikifanya kwenye simu za video. Hapo hakuna mpangilio wa kuiokoa, badilisha betri.

Ikivimba ni dharura. Skrini inaanza kuinuka pembeni, au simu iliyolala mezani inayumba ukiibonyeza. Acha kuichaji hapohapo, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na umpelekee fundi. Watu wengi bado wanataja Samsung Galaxy Note 7 ya mwaka 2016 kama ushahidi kwamba chaji ya haraka inalipua simu. Uchunguzi ambao Samsung ilitangaza Januari 2017 ulikuta kasoro kwenye betri zenyewe, zilizotoka kwa watengenezaji wawili, kila mmoja na kasoro yake.

Hatua ya 7: Simu ya akiba

Kama una simu unayoiweka bila kuitumia, usiihifadhi ikiwa imejaa wala ikiwa imeisha. Iliyojaa inazeeka kimyakimya kama tulivyoona kwenye lile jedwali. Iliyoisha inaendelea kupungua kidogo kidogo mpaka volti inashuka chini ya kiwango ambacho saketi ya ulinzi inakubali kuamsha, na siku utakapoihitaji haitawaka. Ichaji hadi karibu nusu, izime, iweke mahali pakavu pasipo joto, na kila miezi sita iwashe uirudishe hadi nusu.

Simu yangu ile ya chini ya mto fundi aliibadilishia betri. Sasa ndiyo iko kwenye droo, imezimwa, asilimia 50, na chaja ya wati 33 iko ukutani.